Vitabu Vilivyofungwa Kaniki

Saidi, wewe na wenzako mliokabidhiwa meza ya Babu Mhina hapa Korogwe, nawaandikia kwa sababu kuyasema siwezi. Mnanijua. Nikisimama mbele ya watu watatu sauti inaishia kooni. Kwenye daftari mdomo wangu uko wazi, kwa hiyo nimechana kurasa hizi kutoka kwenye daftari ambalo hata mama halisomi. Mkimaliza mnirudishie. Mkitaka kucheka, chekeni mbele yangu, si nyuma.

Ndiyo, mimi mstaafu. Mama yako, Saidi, aliposikia nimestaafu alishika kiuno akasema, "Mstaafu gani hajapiga kura hata mara moja?" Mseme mtakavyo. Kazi hiyo niliianza nikiwa kidato cha pili, kila Jumamosi na kila likizo, na nimeiacha baada ya mtihani wa kidato cha nne. Sirudi. Nitawaeleza kwa nini, lakini kwanza niwape kazi yenyewe, maana Babu siku hizi hasemi sana na nyie mnadhani kuuza vitabu vya zamani ni kupanga tu mezani na kukaa kwenye kiti cha plastiki.

Kitabu hakiaminiki kwa jalada. Hili mliandike mkononi. Watu wa zamani jalada likichakaa walikuwa wanagundishia lolote walilonalo. Babu aliwahi kumuuzia ustadhi mmoja wa Masuguru kitabu kizuri chenye jalada la kijani na herufi za dhahabu, "Adabu za Nyumbani". Kesho yake ustadhi akarudi amekishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mkiani. Ndani kilikuwa kinafundisha ufugaji wa nguruwe, na michoro yake. Babu alipiga magoti akaomba radhi, halafu ustadhi alipokata kona tukacheka mpaka mwenye duka la simu akaja kuuliza kuna nini. Tangu hapo nilifundishwa: fungua mwanzo, fungua katikati, fungua mwisho, ndipo useme ni kitabu gani.

Halafu mafungu. Mkiletewa kiroba cha vitabu, msipange kwa ukubwa kama mnavyofanya sasa, nimewaona. Fungu la mtihani, fungu la kusoma, fungu la karanga. La mtihani linaondoka lenyewe. La karanga ni la vile vilivyoliwa na mchwa mpaka havina maneno, wanakuja kinamama wanavichukua kufungia karanga na maandazi. La kusoma ndilo linalotia huruma, kwa sababu vingi vyake havina mtu. Kitabu cha kurekebisha mashine za mkonge ambazo hazipo tena. Ratiba ya treni. Kitabu cha mzungu anayemwelekeza mke wake namna ya kumwagiza mpishi mayai. Msivikimbilie kuvitupa. Mimi siku zangu nzuri kwenye ile meza zilikuwa za mvua, hakuna wateja, nimefunikwa turubai, nasoma mtu fulani ambaye simjui akieleza kwa makini namna ya kutibu kuku anayepiga chafya.

Babu alikuwa na desturi moja ambayo ndiyo inanifanya niandike. Zamani, kwenye bwalo bovu la wafanyakazi kule Hale, aliingiza mkono ndani ya kasha la vitabu na nge akamchoma. Mkono ulivimba akashindwa kufunga vifungo vya shati wiki nzima. Kuanzia hapo, kabla hajafungua robota lolote, anagonga juu yake kwa kidole na kusema taratibu, "Hodi. Kama upo, toka kwa amani. Sisi tunapita tu." Nilipoanza kazi nilijua mzee anazeeka. Siku moja akagonga, akasema maneno yake, na tandu mrefu akatoka pembeni ya kamba akaenda zake. Na mimi nikaanza kugonga.

La pili ni namna alivyohifadhi vitabu. Majivu makavu, pilipili iliyokaushwa, majani ya mwarobaini na kipande cha tumbaku, halafu vitabu vinafungwa ndani ya kaniki. Kaniki kwa sababu ni nyeusi, mwanga haupiti na uchafu hauonekani. Mchwa hasogei. Babu aliwafundisha hivyo wateja wake wote waliokuwa na vitabu vingi nyumbani, na mmoja wao alikuwa Mzee Rajabu wa kule Handeni.

Mzee Rajabu alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge. Kila ofisi ilipofungwa, kila nyumba ya bwana mkubwa ilipohamwa, yeye aliokota vitabu. Havikuwa vya aina moja. Alichukua chochote kilichoandikwa. Alipokuja Korogwe alikaa kwenye meza yetu asubuhi nzima, hanunui, anapekua, akiondoka ameshika kimoja ambacho hata Babu hakujua kama tunacho. Hakuwa na mtoto. Alikuwa na mke tu, Bibi Zaina, ambaye alikuwa anampa chupa ya uji wa ulezi ili asile ovyo mjini.

Mzee Rajabu akafariki. Bibi Zaina akakaa eda yake, ile miezi ya mjane kukaa ndani, na alipotoka tu akampigia Babu simu. Nilikuwa karibu, simu ya Babu inasikika mpaka barabarani.

"Njoo uvichukue vitabu, Mhina. Vyote. Usiniulize bei."

"Shemeji, kuna nini?"

"Njoo tu. Vinaniua."

Tukapanda Noah kesho yake. Kijiji sikitaji. Njiani Babu alikuwa na furaha, nasema kweli, alikuwa ananihesabia vitabu alivyotamani kuviona. Tulipofika tukakuta uwanja umejaa. Viti vya plastiki, wanaume mbele, kinamama wamekaa kwenye mkeka karibu na jiko, vijana wamesimama na simu mkononi. Nikajua ni msiba mwingine.

Mzee Athumani, mdogo wake marehemu, ndiye aliyetupokea. Mtu wa salamu ndefu. Tukaamkia, tukaulizwa habari za Korogwe, za mvua, za safari. Kisha akasema, bila kubadilisha sauti:

"Karibuni. Lakini hakuna kitabu kitakachotoka humu kabla ukoo haujajua kuna nini ndani. Mimi mkwe wangu amezika watoto wawili. Wote siku ya kuzaliwa. Wote hapa hapa nyumbani. Sasa ana mimba ya tatu. Na humu ndani kuna vitu vyeusi vimefungwa."

Mkwe mwenyewe alikuwa pale kwenye mkeka, Mwajuma, labda ananizidi miaka mitatu. Tumbo lilikuwa kubwa tayari. Alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

Bibi Zaina alikaa kwenye kigoda mlangoni pa nyumba yake, peke yake. Hakuna aliyekaa karibu naye. Niliona hilo kabla sijaelewa chochote. Mwenyekiti wa kitongoji akatueleza kwa upole kwamba hakuna anayemtuhumu mama, ila watu wana maswali, na majibu yakikosekana itabidi mama aende kwao Makuyuni. Nyumba itabaki kwa ukoo. Alisema "apumzike". Wadogo zangu, mkisikia mtu anaambiwa akapumzike, ulizeni ni nani atakayelala kwenye kitanda chake.

Babu akasema, "Hilo jepesi. Sisi kazi yetu ni kufungua. Tutafungua mbele yenu."

Likaletwa robota la kwanza, kaniki nyeusi, limefungwa kwa kamba ya katani. Likawekwa kwenye meza katikati ya uwanja. Watu wakasogeza viti nyuma. Na Babu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akainama, akagonga kwa kidole, akasema, "Hodi. Kama upo, toka kwa amani. Sisi tunapita tu."

Mama mmoja akavuta mtoto wake kwapani. Kijana mmoja akasema, "Mmemsikia? Anakijua kwa jina!" ingawa Babu hakutaja jina la mtu.

"Nge!" Babu akasema. "Nasema na nge, jamani. Wanakaa kwenye vitabu."

"Nge gani anaombwa kwa amani, mgosi?" Mzee Athumani akauliza. "Sisi kwetu nge anapigwa kandambili."

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kutafuta njia ya kutokea. Na Babu alipofungua kamba, pilipili, majivu, tumbaku na majani makavu vikamwagika mezani, vyote kwenye kitambaa cheusi. Hebu mjiweke pale. Mtu hajui lolote kuhusu mchwa na karatasi. Anachokiona ni nini? Babu akaanza kueleza kwamba yeye ndiye aliyemfundisha marehemu, ni dawa ya wadudu. Neno "dawa" likamharibia zaidi. "Kumbe mwalimu wake ndiye huyu," mtu akasema nyuma.

Ndipo Babu akanigeukia. Macho yake hayaoni tena maandishi madogo, na hilo nililijua mimi na yeye. "Mwanangu, wasomee."

Niliomba ardhi ipasuke. Nikachukua cha juu. Nikafungua mwanzo, katikati, mwisho, kama nilivyofundishwa, na nikasoma. Sauti ilitoka kama ya mbuzi. Kilikuwa kinasema namna ya kupaka mafuta kwenye mkanda wa mashine. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi shambani akadakia, "Kweli, ile mashine ilimkata Selemani kidole!" Nikachukua kingine: ratiba ya treni. Nikawasomea treni inafika Korogwe saa ngapi. "Mpaka leo tunaisubiri," mwenyekiti akasema, na safari hii wakacheka kicheko cha kweli. Kingine kilikuwa cha Kijerumani.

"Hiyo lugha gani?"

"Kijerumani," nikasema.

"Unakijua?"

"Hapana, shikamoo." Sijui kwa nini nilitia shikamoo.

"Sasa umejuaje?"

Wakacheka tena. Nikaanza kupata sauti. Ufugaji wa kuku, nyota za mabaharia, hesabu za ushirika, mayai ya mke wa mzungu. Kinamama walikuwa wamesogeza mkeka mbele. Bibi Zaina akainuka akaenda kuangalia uji jikoni, na mama mmoja akampisha njia, akamwambia "pole". Nikaona Babu anapumua. Mimi nikawaza tumeshinda. Niliwaza hivyo kabisa, nikamwangalia na kutabasamu.

Robota la mwisho lilikuwa dogo na lilifungwa mara mbili, kaniki juu ya kaniki. Safari hii Babu hakugonga. Ndani kulikuwa na kitabu kimoja tu, cha Kiswahili, kimeandikwa kwa ajili ya wakunga. Nilifungua katikati. Ukurasa mzima ulikuwa mchoro wa mtoto tumboni kwa mama, amekingama, kichwa upande huu, miguu upande ule.

Kijana aliyekuwa nyuma yangu na simu akauona na kuupiga picha kabla sijaufunika. "Mtoto! Kuna mtoto amechorwa!" Simu ikapita mkono kwa mkono. Ikafika kwenye mkeka. Mwajuma akaitazama picha ile kwa muda mrefu, akaweka kiganja juu ya tumbo lake.

"Soma," Mzee Athumani akaniambia.

Nikasoma kwamba mtoto anaweza kulala hivi, kwamba mkunga anaweza kumtambua kwa kupapasa tumbo kabla uchungu haujaanza, na kwamba—

"Basi. Imetosha. Ninachouliza, kwa nini hiki kilifungwa mara mbili? Vingine mara moja. Hiki mara mbili."

Babu akasema mtu hufunga zaidi anachokipenda zaidi.

"Na kwa nini mwanamume akipende kitabu cha matumbo ya wanawake?"

Hapo Bibi Zaina akatoka jikoni. Alikuwa ameshika mwiko. Alisema taratibu, hakumwangalia mtu yeyote.

"Kwa sababu na mimi nilizika. Mmesahau, au hamkuwepo. Wanne. Rajabu hakuniuliza nimekosa nini, wala hakuoa mwingine. Alikwenda kutafuta kwenye vitabu. Kila alichokiona alikileta, hata cha kuku, alisema huenda lipo neno ndani. Alipokipata hicho, mimi nilikuwa nimeshapita umri. Tulikisoma wote wawili. Akakifunga. Ndiyo hivyo."

Nilidhani patakuwa na kilio. Mama mmoja alianza kufuta macho. Lakini Mzee Athumani alipofungua mdomo alikuwa na huzuni ya kweli, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Hakuwa anaigiza.

"Kwa hiyo ulikuwa unajua. Miaka yote hii una kitabu kinachosema. Mkwe wangu analia mara ya kwanza, analia mara ya pili, mlango wa pili na wako. Wewe umekifunga kaniki."

"Ningesema, nani angenisikiliza? Ningekuja kupapasa tumbo la mkweo, mngesemaje?"

Jibu kila mtu alikuwa nalo.

Vitabu vilichomwa pale pale, hata ratiba ya treni. Karatasi za zamani hazishiki moto haraka, mjue. Zinafuka kwanza. Pilipili ilipoungua watu wote wakakohoa, na wakasema ni kitu kinatoka. Vijana walirekodi. Babu alisimama mpaka mwisho, mikono nyuma. Mwenyekiti alimsogelea Bibi Zaina akamwambia ana haki ya kwenda kulalamika kwenye kata. Bibi akamjibu, "Nikishinda kata, nitakuja kuchota maji na nani?"

Akafunga nguo zake kwenye kanga mbili. Tukaondoka naye.

Mwajuma ndiye aliyembebea mzigo mpaka barabarani. Alitumwa au alijitolea sijui. Tulikaa tukisubiri gari, moshi bado uko kwenye nguo. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Dada, pale ulipokatishwa. Kinasema mtu afanyeje?"

Sikujua. Nilikuwa sijafika hapo, na kitabu kilikuwa majivu. Bibi Zaina akajibu bila kugeuza shingo, akiangalia barabara. Alikuwa nacho chote kichwani, neno kwa neno, kama mtu anavyojua sala.

"Asisubiri uchungu uanze. Aende hospitali kabla, akae huko huko. Asizalie nyumbani hata akiambiwa ni desturi. Nisikilize, mwanangu. Wa kwanza alikuja mkono mbele?"

Mwajuma akatikisa kichwa kukubali.

"Na wa pili?"

Akakubali tena, machozi yanadondoka.

"Basi usimwombe mtu ruhusa. Watakuambia ngoja tushauriane. Wewe nenda."

Kutoka nyumbani Mzee Athumani akaita, "Mwajuma!" Akatuachia mzigo, akarudi.

Babu aliendelea na meza miezi michache, kwa vitabu vya mtihani tu. Akiitwa kwenye nyumba za watu kuangalia vitabu alikataa. Mimi nilijaribu kwenda peke yangu mara moja, nikafika mlangoni, mama mwenye nyumba akaanza kunitolea viroba uani mbele ya majirani, nikamwambia nimesahau kitu, nikaondoka. Ndiyo kustaafu kwangu. Kwa hiyo nyie mkiitwa, nendeni, kazi ni nzuri. Lakini msifungulie uwanjani. Fungulieni ndani, na mwenye navyo akiwepo, na mkitoka muwaeleze majirani mmekuta nini kabla hawajajieleza wenyewe. Na kabla hamjabeba, angalieni ni nani anabaki kwenye nyumba ile.

Mwajuma alikwenda. Sikutarajia, lakini alikwenda. Alisema anafuata unga kwa dada yake, akashuka hospitali, akafanyiwa upasuaji. Mtoto yuko hai. Alinipigia mwenyewe kwenye simu ya Babu, namba alipewa na Bibi siku ile.

Nikafurahi mpaka nikaruka. Nikamuuliza, "Nyumbani wanasemaje?"

"Wanashukuru. Wanasema mnaona, tangu yule bibi aondoke, watoto wanazaliwa salama."

"Na wewe umewaambiaje?"

"Dada, mimi naishi hapa."

Nilikwenda Makuyuni kumpelekea Bibi Zaina habari hizo. Nusu yake nilitaka kuificha, lakini si mnajua nikimwangalia mtu usoni siwezi kudanganya. Nilimkuta kwa kaka yake anapukuchua mahindi. Nikamwambia yote, hata lile la mwisho. Mikono yake haikusimama.

"Ananyonya?"

"Ananyonya, bibi."

"Basi waache waseme," akasema, na akanisogezea kigoda nimsaidie kupukuchua.